Kosa la Kipimo: Mita Tatu

Asubuhi ya nne tangu maji yashuke
nimefika Mabogini na kishikwambi ndani ya mfuko wa sukari,
buti za kuazima, namba moja zaidi ya mguu wangu,
na dodoso lenye safu kumi na moja.
Mlima umejifunua wote, mweupe kileleni,
kama mtu asiyehusika.

Kaya ya kwanza: Nakijwa Mbonea, mjane, miaka hamsini na sita.
Aina ya tukio? Mafuriko, ukame, moto, upepo, nyingine.
"Andika Rau," anasema. "Mto huo tunafahamiana."
Kina cha maji ndani ya nyumba?
Anaweka kiganja chini ya titi la kushoto.
Navuta futi kamba kutoka sakafuni:
mita moja na sentimita kumi na nne.
Ukuta wa nyuma, ndio pekee uliobaki,
una mstari wa tope unaopishana naye sentimita mbili.
Naandika za ukuta.
"Basi," anasema, "ukuta ndio uliombeba mjukuu kichwani."

Mali iliyopotea. Thamani kwa shilingi.
Magunia tisa ya mpunga: yake matano,
manne ya dada yake wa Same, yakingoja bei ipande.
Niandike mwenye mali au mwenye ghala?
Mwongozo umenyamaza. Naandika tisa.
Cherehani imeokotwa mferejini, tumbo limejaa mchanga.
Imeharibika, au imeathirika?
Anazungusha gurudumu. Linalia, linakwama.
Kidole changu kinabaki hewani.

Jirani yake Elingaya amefiwa na ng'ombe watatu;
juma lililopita alikuwa na mmoja.
Naomba kuona mizoga. "Imekwenda na maji."
Mto huu una mgongo mpana, kila mtu anaupakia chake.
Ng'ambo ya mfereji, Ndekirwa,
ambaye majaruba yake sasa ni changarawe tupu,
anasema hajapoteza kitu, niandike sifuri,
maana mara ya mwisho watu kuja kuandika
kilichofuata kilikuwa ushuru.
Nikiwajumlisha hao wawili na kugawa,
huenda wastani ukatoka sahihi.
Hesabu nazo zina utani wake.

Sikusema mbele yao kwa nini naifanya kazi hii.
Siku ya kwanza ofisini, Moshi mjini,
nilifungua jedwali la kata zote,
nikashuka kwa kidole hadi mwaka ule
ambao nyumba ya bibi yangu iliondoka na mlango wake, na mbuzi,
nami wa miaka saba nikiwa juu ya bati la shule
nikihesabu masufuria yanayopita.
Kisanduku kilisema: hakuna tukio lililoripotiwa.
Nilikitazama mpaka skrini ikazima.
Bima ikikosa historia hutoza woga;
ikiona bonde halijawahi kulia
huliita tulivu, kisha kilio cha kwanza
hukiita ulaghai.

Safu ya kumi na moja: mahali.
Kifaa kinataka mbingu wazi, nisimame palipokuwa mlango.
Nakijwa ananishika kiwiko,
ananisogeza hatua, kisha nusu,
kushoto, si sana, hapo.
"Hapo ndipo nilipokuwa naacha kandambili."
Tunangoja satelaiti, sisi wawili, bila kusema,
kama watu wanaopigwa picha.
Kosa la kipimo: mita tatu.
Mlango wenyewe haukufika mita moja.

Nabonyeza hifadhi. Mtandao hakuna.
Itatumwa baadaye, kinasema.
"Imeshika?" anauliza.
"Imeshika, mama."
Ameinua ufagio wa chelewa.
Ananiomba nisogee, anataka kufagia
niliposimama.